Seva haijazoea flashi, na umeme haujaua GRUB

Juzi nimepigiwa simu tena. Jamaa yuko Mbale, amepewa kazi ya kuinstoli seva nane za chama fulani cha akiba, ana faili lake la preseed (majibu ya maswali yote ya instola ya Debian yaliyoandikwa mapema), anachomeka flashi, anawasha, anaenda zake kula rolex (chapati ya mayai), akirudi kila kitu kimeisha asilimia mia. Anatoa flashi, anariibuti, skrini nyeusi na kamstari kanapepesa pale juu kwenye kona. "Injinia, umeme ulicheza kidogo, umeua GRUB, nimepiga fomati upya mara nne." Mara nne kaka! Faili lile lile, flashi ile ile, halafu unategemea kompyuta itakuonea huruma safari ya tano?

Jamani umeme tunaujua, hakuna haja ya kuusingizia. Kama instola ilifika mwisho bila kulalamika, basi mara nyingi mfumo umekaa kwenye diski mzima kabisa, ila butiloda, yaani hiyo GRUB inayouamsha mfumo, imewekwa mahali ambapo fimuwea (programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya yote) haiendi kuitafuta. Umeme unaweza kuharibu kweli, patisheni ya EFI (kipande cha diski ambamo butiloda hukaa) ni FAT na FAT haina jono, yaani haiweki kumbukumbu ya kujirekebishia, ukikatika wakati inaandikwa unaweza kulia. Lakini mara nne mfululizo, dalili ile ile?

Kilichonikera zaidi ni alichosema baadaye. Seva moja alisahau kutoa flashi, na hiyo ikawaka vizuri! Akaamua kwamba "seva imezoea flashi" na alishaanza kupiga hesabu ya kununua flashi nane. Halafu akalalamika kwamba flashi za mtaani ni feki, maana kila akimaliza kuinstoli flashi inakataa kuleta menyu ya instola, mpaka aitengeneze upya kwenye laptopu. Ssebo, umeshajijibu! GRUB imo ndani ya flashi. Imeandikwa juu ya sekta ya kwanza, pale pale palipokuwa na cha kuwasha instola.

Nikamwambia nitumie faili. Kwenye partman-auto/disk, mstari wa diski ya kuwekea mfumo, ameandika /dev/sdb, sawa, aliona kwa macho yake diski ya seva ni sdb. Chini kwenye grub-installer/bootdev, mstari wa mahali pa kuweka GRUB, aliokopi bila kuusoma, pameandikwa /dev/sda. Na sda siku hiyo ilikuwa nani? Flashi! Herufi hizi zinagawiwa kwa jinsi kernel (kiini cha Linux) inavyovikuta vifaa, si jina la ubatizo, leo sda ni diski kesho ni flashi. Ukibadilisha sda kuwa sdb utapona leo tu, ukihamia seva ya aina nyingine unanipigia tena. Seva moja, tumia jina la /dev/disk/by-id, hilo halibadiliki. Seva nyingi, weka kaskripti kwenye partman/early_command kachague diski isiyo ya USB kabla patisheni hazijaguswa, halafu mistari yote miwili ijazwe kutoka hapo. Wa Ubuntu mna match ya size: largest (chagua diski kubwa kuliko zote) kwenye autoinstall, imewarahisishia.

Jambo la pili, na hili naulizwa mpaka kanisani: "nitumie UEFI au BIOS?" yaani fimuwea ya njia mpya au ya zamani. Swali lenyewe limekaa vibaya, la kuuliza ni instola YENYEWE iliwaka kwa njia gani, maana itakuwekea GRUB ya njia hiyo hiyo. Kwenye menyu ya kuchagua kifaa flashi moja huonekana mara mbili, moja ina neno UEFI mbele, nyingine haina, na wewe unabonyeza yoyote tu. Alt+F2, kisha ls /sys/firmware/efi. Folda ipo ni UEFI, haipo ni BIOS, basi. UEFI inataka patisheni ya FAT32 ya EFI. BIOS na diski ya GPT (mtindo mpya wa kugawa patisheni) inataka kapatisheni ka MB 1 kasikokuwa na faili lolote, watu hukafuta wakidhani ni takataka, kumbe GRUB inalala humo, kwa sababu sekta ya kwanza ina baiti 446 tu za kodi na hazitoshi kitu. Kwenye Kickstart (preseed ya watu wa Red Hat) andika reqpart ikutengenezee yenyewe.

RAID ya diski mbili (moja nakala ya nyingine): weka GRUB kwenye zote mbili. PXE (kuinstoli kupitia netiwaki): usiache netiwaki iwe ya kwanza, seva itajiinstoli upya kila ikiwaka.

Sasa niseme ukweli. Kuna mashine zinasahau entry ya buti (maelezo ya kuiambia fimuwea GRUB iko wapi) uliyoandika vizuri kabisa na efibootmgr -v ikaionyesha, ukizima na kuwasha haipo, na mimi bado sijui kwa nini hii inasahau na jirani yake wa modeli ile ile hasahau. Nimeacha kubishana. Kila seva naweka nakala kwenye EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, yaani grub-install --removable, au kwenye preseed force-efi-extra-removable iwe true. Wanaofuata kitabu wataniambia hiyo ni ya flashi. Sawa, njooni basi mpande nyinyi basi la saa kumi na moja alfajiri kwenda Mbale.

Seva saba zimewaka. Ya nane bado ina flashi mgongoni, imefungwa na selotepu na karatasi imeandikwa USITOE, maana mhasibu alishaanza kuitumia na hataki izimwe mpaka mwisho wa mwezi.