Inconel 718: aloi inayopata nguvu zake tanurini

Inconel 718 ni aloi ya nikeli iliyobuniwa nchini Marekani katika kampuni ya International Nickel, na hataza yake ilitolewa mwaka 1962 kwa jina la Herbert Eiselstein. Nikeli huchukua asilimia 50 hadi 55 ya uzito wake, kromi asilimia 17 hadi 21, niobi karibu asilimia 5 na molibdeni karibu asilimia 3, pamoja na titani na alumini kidogo. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni chuma. Kobalti hairuhusiwi kuzidi asilimia 1, jambo lililopata uzito mwaka 1978, vita vya jimbo la Shaba nchini Zaire (Kongo ya sasa) vilipopandisha bei ya kobalti. Kromi huufunika uso wa aloi kwa utando mwembamba wa oksidi unaozuia kutu na kuliwa na hewa ya moto. Nguvu, hata hivyo, hutokana hasa na niobi, nayo haizitoi mpaka aloi ipitishwe tanurini kwa utaratibu maalumu.

Mhunzi anayetengeneza panga hupasha feleji moto hadi iwe nyekundu, akaitumbukiza majini, nayo ikatoka ngumu. Inconel 718 ikifanyiwa hivyo hutoka laini kiasi cha kukunjika na kukerezeka bila shida kubwa. Katika hatua hiyo ya kwanza, inayofanyika kati ya nyuzi 941 na 1010 za Selsiasi, metali haiyeyuki, kwa maana huanza kuyeyuka ikifikia nyuzi 1260 hivi. Kinachotokea ni kwamba niobi, titani na alumini husambaa kati ya atomu za nikeli, na kupoza kwa haraka huzifungia humo zisipate nafasi ya kujikusanya.

Ugumu huja katika hatua ya pili, ya kukomaza. Aloi hukaa kwenye nyuzi 718 kwa saa 8 (kulingana kwa kipimo hiki na jina la aloi ni sadfa tu), hupozwa tanurini kwa kasi ya nyuzi 55 hivi kwa saa hadi nyuzi 621, kisha huachwa hapo mpaka jumla ya muda itimie saa 18. Katika muda huo niobi huungana na nikeli kuunda visahani vidogo mno, vinavyopimwa kwa nanomita, ambavyo wataalamu huviita γ″. Visahani hivyo hupindisha mpangilio wa fuwele unaovizunguka, na kwa hiyo matabaka ya atomu hayatelezi kwa urahisi aloi inapovutwa. Ufito uliotibiwa hivyo hutakiwa kuhimili mkazo wa angalau megapaskali 1034 kabla ya kuanza kurefuka bila kurudi urefu wake wa awali, na katika nyuzi 650 bado hutakiwa kuhimili karibu megapaskali 860.

Chembe za γ″ hujitokeza polepole, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa iliyoipa aloi hii nafasi yake katika diski za injini za ndege na katika injini za roketi. Aloi nyingi za nikeli zinazotegemea alumini na titani hukomaa haraka mno, hivyo kiungo kilicholehemiwa hupasuka kinaporudishwa tanurini; Inconel 718 huwa na muda wa kulegeza mkazo wa kulehemu kabla haijawa ngumu.

Upande wa pili ni kwamba γ″ haidumu. Aloi ikitumika kwa muda mrefu katika joto linalozidi nyuzi 650, visahani hukua na hatimaye hugeuka kuwa δ, umbo jingine la nikeli na niobi lisiloongeza nguvu. Hata hivyo δ haistahili kuhesabiwa kuwa adui nyakati zote. Ikiwa kidogo kwenye mipaka ya punje za metali (fuwele ndogo zinazoiunda), huzuia punje hizo zisikue, na diski yenye punje ndogo huvumilia vizuri zaidi mizigo ya kupanda na kushuka. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya diski hizo haivushwi kiwango cha joto kinachoimaliza δ yote. Kwa vifaa vya visima vya mafuta, ambako haidrojeni hupenya kwenye mipaka hiyo na kuleta mipasuko, uamuzi ni kinyume: aloi hupashwa kati ya nyuzi 1021 na 1052 ili δ iishe, kisha hukomazwa mara moja tu, kati ya nyuzi 774 na 802, hata kama sehemu ya nguvu zake itapotea.