Jirani analea mtoto mwenye VVU: tumsaidieje?

Maswali haya huulizwa sana Moshi, kuanzia Pasua na Njoro hadi vijiji vya Uru na Kibosho. Wanaouliza ni majirani, walimu, na zaidi akina bibi wanaolea wajukuu.

Wanangu wakicheza na kula sahani moja na mtoto mwenye VVU, wataambukizwa?

Hapana. Virusi haviambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana, kutumia choo kimoja wala kuumwa na mbu. Waache wacheze.

Mama ana VVU. Ina maana kichanga wake naye anavyo?

Si lazima. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya. Mama akimeza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, vizuri, idadi hushuka chini ya 5. Kichanga hupimwa akiwa na wiki 4 hadi 6: matone ya damu ya kisigino hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Kipimo cha haraka cha watu wazima hakitoshi kwa umri huo, kwa sababu kingamwili za mama, yaani kinga ambayo mwili wake umetengeneza dhidi ya virusi, zinaweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18 na kuonyesha chanya ilhali hana virusi. Kwa hiyo maneno ya mtaani kwamba "mtoto wa fulani naye kakutwa nao" usiyaamini wala usiyasambaze. Suala la kunyonyesha nalo mwachieni mama na kliniki yake.

Bibi wa jirani analea mjukuu anayetumia dawa. Tufanye nini hasa?

Anzeni na nauli. ARV hutolewa bure nchini tangu 2004, lakini daladala si bure, na bibi anayeuza ndizi Mbuyuni akienda kliniki hupoteza na mauzo ya siku nzima. Nauli ya uhakika kila tarehe ya kliniki inamfaa kuliko sukari inayoletwa mara moja kwa mwaka, Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani.

Kisha kuna kazi yenyewe ya kumpa mtoto dawa, kila siku, saa ileile. Za watoto wadogo siku hizi nyingi ni vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Bibi ahesabu vidonge, akoroge mpaka viishe, mtoto anywe yote, halafu aongeze maji kidogo kwenye kikombe anywe na masalia yaliyobaki chini. Kwa macho ya mzee, jioni, umeme umekatika, hiyo ni kazi. Anahitaji mtu mmoja mwenye kutunza siri, aliyemchagua yeye mwenyewe, wa kumshikia zamu akiugua au akichelewa shambani.

Msisahau chakula. Mtoto aliyeshinda njaa huikataa dawa, basi bakuli la mtori jioni si jambo dogo. Akina mama wa Kilimanjaro wanaijua kazi hii zamani: kikundi cha wanawake wa kupambana na UKIMWI, KIWAKKUKI, kilianzishwa Moshi mwaka 1990, wakati familia zilikuwa zikiuguza wagonjwa nyumbani bila ARV.

VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa, inataka kuwagawia sare na madaftari watoto wenye VVU shuleni. Ni sawa?

Nia ni njema, ila hapa naomba msimame kidogo. Mkiwaita watoto hao mbele ya wenzao paredi, mmewatangaza. Kesho yake mmoja atakosa wa kukaa naye dawati moja, na wiki ijayo ataanza kuficha dawa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu na kukataza unyanyapaa, na mtoto ni mtu.

Sare wapeni watoto wote wa kaya zenye shida, kwa orodha ya mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii, bila kuuliza nani anaumwa nini. Ada imefutwa tangu 2016, lakini sare, viatu na daftari bado ni mzigo wa mlezi. Mwenye VVU atakuwemo humo humo, na hakuna atakayemjua.

Mtoto aambiwe lini kwa nini anameza dawa?

Shirika la Afya Duniani linashauri kati ya miaka 6 na 12, hatua kwa hatua, kadiri anavyoelewa. Mlezi ndiye aseme, akisaidiwa na mshauri wa kliniki. Jirani au mwalimu asimtangulie.

Baba amefariki, na baba wadogo wanataka kihamba, shamba la familia. Mjane na watoto wafanyeje?

Wasiondoke. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto stahili yake katika mali ya mzazi wake. Kikao cha ukoo kiandikiwe muhtasari, majina na sahihi za waliohudhuria ziwemo, kisha mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cheti cha kifo viwekwe pamoja, ikibidi kwa mtu mwaminifu nje ya nyumba. Jirani anayeijua mipaka ya kihamba akubali kutoa ushahidi. Na ukiona mtoto anadhulumiwa au kutelekezwa, sheria hiyo inakutaka utoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Unaweza pia kupiga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.