Camus na ile kauli ya mama yake

Tangu 1957 Albert Camus, mwandishi Mfaransa aliyezaliwa na kukulia Algeria, amebebeshwa kauli moja: eti kati ya haki na mama yake, anamchagua mama. Hakusema hivyo.

Desemba mwaka huo, siku chache baada ya kupokea Tuzo ya Nobel, alizungumza na wanafunzi jijini Stockholm. Kijana mmoja wa Kialgeria akambana kuhusu vita vya uhuru wa Algeria dhidi ya Ufaransa. Camus akajibu kwamba mabomu yanategwa kwenye tramu za Algiers, na huenda mama yake yumo katika mojawapo. Ikiwa hiyo ndiyo haki, basi bora mama. Kilichodondoka njiani ni hilo "ikiwa", na ndilo lenye uzito wote.

Mama huyo hakuwa bibi mkubwa wa kikoloni. Alikuwa mjane wa vita, asiyejua kusoma, akisafisha nyumba za watu.

Mwanawe aliandika juu ya njaa ya Wakabyle, watu wa milima ya kaskazini mwa Algeria, tangu 1939, lakini (tusimpake mafuta) Algeria huru hakuwahi kuiunga mkono. Hapo wanaomlaumu wana hoja.