Bwawa kubwa halimalizi mafuriko

Kila masika ujumbe ule ule hurudi kwenye magrupu: mto ukishajengewa bwawa haufuriki tena, kwa hiyo mkiona maji mashambani jueni kuna mtu kafungua mageti makusudi. Mara nyingi hutajwa mto Rufiji wa Tanzania. Sivyo ilivyo.

Bwawa la umeme la Rufiji lina uwezo wa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Likiwa na nafasi, hupokea maji ya ghafla na kuyaachia kidogo kidogo, na huo ni msaada mkubwa. Nafasi ikiisha, je? Kinga ndoo bombani uone. Ikishajaa, sakafu inalowa kwa kasi ile ile ya bomba, na ndoo haijatoboka. Mageti hufunguliwa ili maji yasipande juu ya ukuta. Tena mvua inayonyesha chini ya bwawa haipiti bwawani kabisa.

Watu huchanganya kwa sababu mageti na mafuriko huonekana wiki moja. Kabla hujatuma ujumbe huo, uliza: bwawa limejaa kiasi gani, na mvua imenyesha wapi? Kama hujui, usiusambaze.

Rufiji ilikuwa ikifurika tangu enzi za mababu, na maji yakishuka watu wakalima mlau, yaani kilimo cha kwenye tope lenye rutuba lililobaki. Tope hilo sasa sehemu kubwa hunaswa nyuma ya ukuta. Hasara hiyo ya bwawa ni ya kweli, ila hakuna anayeituma kwenye magrupu.