Mtungi wa gesi ukishika moto: vali inahisi nini?

Dereva wa teksi ya gesi akija kukaguliwa, nikimuuliza kuhusu moto hunijibu kwa mkato: "Vali ipo." Ipo kweli. Ninachotaka kujua ni kama inafunguka kutoa gesi kwa kuhisi presha au kwa kuhisi joto.

Gesi ya kupikia, ambayo mtungini hukaa kama kimiminika, inafaa kulindwa kwa vali ya springi. Moto ukiwaka, kimiminika huchemka, presha hupanda haraka na springi husukumwa. Presha ikishuka, vali hujifunga, kwa hiyo mtungi ulioachwa juani haumwagi gesi yote. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 67 inataka vali ya tangi la gesi hiyo kwenye gari ifunguke kwenye bar 27 hivi, yaani karibu mara 27 ya presha ya hewa ya kawaida. Ufaransa ililipia somo hili mwaka 1999 huko Vénissieux: gari lililokuwa likiungua lililipuka tangi lake, ambalo halikuwa na vali hiyo, na askari sita wa zimamoto wakajeruhiwa vibaya.

Hata hivyo vali hiyo si kinga kamili. Januari 1966, huko Feyzin, pia Ufaransa, tangi kubwa la propani lilikuwa likiungua na vali yake ilifunguka sawasawa. Waliokuwa wakizima waliamini vali inatosha, wakaelekeza maji kwenye matangi ya jirani. Chuma cha juu, kisichoguswa na kimiminika cha kukipoza, kililegea kwa moto na tangi likapasuka. Watu 18 walikufa.

Gesi asilia ina tabia nyingine kabisa. Hushindiliwa hadi bar 200, lakini ndani hakuna kimiminika cha kuchemka. Chukua mtungi uliobaki na bar 100. Ili presha irudi 200 tu, gesi yote lazima ipate joto la zaidi ya nyuzijoto 200. Mtungi mwepesi, uliosukwa kwa kaboni na gundi, hausubiri huko. Gundi inaungua, ukuta unadhoofika, na mtungi unapasuka huku springi ikiwa bado imetulia.

Ndiyo maana mitungi hii huwekewa kifaa cha joto: kizibo cha madini laini yanayoyeyuka, au kichupa cha kioo kama vile vya kumwaga maji kwenye dari za hoteli. Vingi hufunguka karibu na nyuzijoto 110, na vikifunguka havifungi tena mpaka mtungi uwe mtupu. Mdomo wa kutolea gesi uelekezwe nje ya buti na mbali na abiria, kwa sababu inayotoka huko huweza kuwa ulimi wa moto wenye urefu wa mita kadhaa.

Shida ni kwamba kifaa huhisi pale kilipo tu. Moto wa tairi ukilamba upande wa pili wa mtungi mrefu wa basi, kilicho mdomoni hakina habari. Mtungi mrefu unahitaji zaidi ya kimoja. Hapa sikubali ubahili.

Niliwahi kukuta kizibo kilichokuwa kikivuja kimeng'olewa, na fundi amekaza bolti mahali pake. Tulilizuia gari hapo hapo. Mwenyewe alikasirika sana, maana tangu kufungwa ile bolti lilikuwa halinuki gesi hata kidogo.