Baraza la NATO Halipigi Kura, na Mengine Ninayosahihisha Kila Muhula

Kila Urusi na nchi za Magharibi zinapovutana, simu yangu hujaa ujumbe wa waandishi wa habari wanaotaka ufafanuzi kuhusu NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, na swali la kwanza karibu kila mara ni lilelile: "Mwalimu, NATO watapiga kura lini?" Darasani ni vilevile. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyekwisha kufaulu somo la taasisi za kimataifa, anaandika kwenye insha kwamba Baraza la Atlantiki ya Kaskazini, chombo kikuu cha maamuzi cha NATO, "lilipitisha azimio kwa kura nyingi". Nimeichoka sentensi hiyo, na nimeona heri nilieleze jambo hili kwa urefu linaostahili.

Hakuna kura. Si ya siri, si ya kunyoosha mikono, si ya theluthi mbili. Tangu mkataba wa kuianzisha NATO uliposainiwa Washington tarehe 4 Aprili 1949, Baraza hufanya maamuzi kwa maafikiano ya wanachama wote. Walianza wakiwa 12, leo wako 32, na utaratibu haujabadilika. Wengi wape, tuliyoizoea kuanzia mkutano wa kijiji hadi bungeni, haina nafasi pale Brussels, makao makuu ya NATO. Nchi 31 zikitaka jambo na moja ikakataa, jambo hilo halipiti.

Najua mkanganyiko unatoka wapi. Watu wanalifahamu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lenye wajumbe 15, ambako azimio linahitaji kura 9 na wakubwa watano wana kura ya turufu. Wengine wanalifahamu Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika, ambalo hutafuta maafikiano kwanza lakini yakishindikana linaruhusiwa kupiga kura. Kisha wanazibeba kanuni hizo na kuzipeleka NATO. Anayetaka mfano wa karibu autafute kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano. Mkataba wa kibiashara na Umoja wa Ulaya ulikwama Tanzania ilipokataa kuusaini mwaka 2016, ingawa Kenya na Rwanda walisaini. Hakuna aliyesema "tuhesabu kura".

Sasa, maafikiano hayo yanapatikanaje bila mabalozi 32 kuzungumza hadi usiku wa manane? Mara nyingi kwa utaratibu wa ukimya. Katibu Mkuu, ambaye ndiye mwenyekiti wa Baraza, husambaza rasimu ya uamuzi ikiwa na siku na saa ya mwisho. Kila balozi anaipeleka kwao. Wizara ya mambo ya nje na ya ulinzi zinaipitia neno kwa neno. Saa ikifika na hakuna aliyeandika kupinga, rasimu imeshakuwa uamuzi wa nchi zote. Mwenye pingamizi humwandikia Katibu Mkuu kabla ya saa hiyo, na hapo inasemwa amevunja ukimya. Rasimu inarudi mezani. Ni kama mzee wa kikao cha ukoo anapouliza kama kuna mwenye neno: ukinyamaza umekubali, na kesho huwezi kudai hukushirikishwa.

Nikifika hapo hukatizwa: "Mwalimu, hayo ni ya vitabuni. Mwenye NATO ni Marekani."

Tuangalie basi Februari 2003. Marekani inajiandaa kuivamia Iraq, na inataka NATO ianze kupanga ulinzi wa Uturuki, mwanachama anayepakana na Iraq: ndege za rada za AWACS, makombora ya Patriot, vifaa vya kujikinga na silaha za kemikali. Kupanga tu, si kupigana. Katibu Mkuu wa wakati huo, George Robertson, anaiweka rasimu chini ya ukimya hadi asubuhi ya Jumatatu tarehe 10. Ufaransa na Ubelgiji zinauvunja, Ujerumani inaungana nazo. Hoja yao ni kwamba wakaguzi wa Umoja wa Mataifa bado wako kazini Iraq, na kuanza kupanga ni kukubali kwamba vita haviepukiki. Siku hiyohiyo Uturuki inaomba mashauriano chini ya Ibara ya 4 ya mkataba, inayomruhusu mwanachama anayeona usalama wake unatishiwa kuomba wenzake wakutane. Marekani, yenye jeshi lenye nguvu kuliko yeyote mle ndani, haikuweza kuilazimisha Ubelgiji kunyamaza.

Suluhisho lilipatikana tarehe 16, na lilipatikana nje ya Baraza. Suala lilihamishiwa Kamati ya Mipango ya Ulinzi ya NATO, ambamo Ufaransa haikuwa na kiti kwa sababu ilijitoa kwenye muundo wa kijeshi mwaka 1966. Ujerumani na Ubelgiji, zikiwa hazina tena Ufaransa pembeni yao, zikakubali. Naomba hili lisomwe taratibu: hata huko hawakupiga kura. Nchi zilikuwa 19, na 16 zilishakubali tangu mwanzo; ingekuwa ni kura, suala lingeisha ile Jumatatu. Badala yake ilibidi kitafutwe chumba ambamo mpinzani mmoja hayumo, ndipo 18 waliobaki wakaafikiana. Na chumba hicho hakipo tena. Ufaransa ilirudi mwaka 2009, kamati ikavunjwa mwaka 2010.

Uvamizi wa Iraq uliofuata Machi 2003 haukuwa operesheni ya NATO. Ulikuwa wa Marekani na washirika wake. Nalitaja kwa sababu nalo linaandikwa kinyume kila mwaka.

Sisemi kwamba Iceland, isiyo hata na jeshi, ina uzito sawa na Marekani. Shinikizo lipo, tena kubwa, na kazi yake hufanyika kwenye simu za marais na kwenye korido kabla rasimu haijasambazwa. Lakini shinikizo linalenga kumfanya mtu anyamaze. Asiponyamaza, hakuna njia ya kumhesabu kama hayupo.

Kunyamaza nako si kushangilia. Mwaka 2011 Ujerumani ilijizuia kupiga kura katika Baraza la Usalama kuhusu kuruhusu nguvu za kijeshi Libya, lakini pale Brussels haikuvunja ukimya NATO ilipochukua operesheni ile. Iliacha ipite, kisha ikawaondoa wanajeshi wake kwenye ndege za AWACS na kuziondoa meli zake kwenye kikosi cha NATO Mediterania. Nchi zilizorusha ndege za mashambulizi hazikufika nusu ya wanachama 28 wa wakati ule. Kwa hiyo Mwafrika anayeuliza nani aliipiga Libya ana maswali mawili tofauti: nani aliruhusu, na nani alitekeleza. Jibu la kwanza ni wote. Jibu la pili ni wachache. Denmark, miaka ya 1980, ilikuwa na njia yake nyingine: iliacha tamko litoke, lakini inaweka tanbihi kueleza isichokubaliana nacho kuhusu makombora ya nyuklia. Tamko la NATO lisomwe hadi chini kabisa ya ukurasa.

Ushauri wangu kwa waandishi, ninaourudia hata kama wanauchoka: usiandike "NATO imepiga kura", na ukiandika "NATO imeamua", tafuta pia nani alichelewesha na alipewa nini ili akubali. Habari yenyewe iko hapo.

Dhana ya pili kwa kuniudhi ni kwamba Ibara ya 5 ni swichi: mmoja akishambuliwa, wote wanaingia vitani siku hiyohiyo. Mkataba una ibara 14 tu, unasomeka kwa muda wa kunywa chai, na bado watu wanaujadili bila kuufungua. Ibara ya 5 inasema shambulio la silaha dhidi ya mmoja litahesabiwa ni dhidi ya wote, na kila nchi itasaidia kwa hatua inayoona ni ya lazima, ikiwamo kutumia nguvu za kijeshi. Kila nchi inaona yenyewe. Inaweza kutuma askari, inaweza kutuma mafuta na dawa.

Imetumika mara moja, baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001. Baraza lilikutana kesho yake na kutoa tamko lenye sharti: ikithibitika shambulio lilitoka nje ya Marekani. Uthibitisho ulitolewa tarehe 2 Oktoba, baada ya Marekani kuwasilisha ushahidi wake. Moja ya hatua zilizofuata ni AWACS za NATO kwenda kulinda anga ya Marekani. Mashambulizi ya Afghanistan yaliyoanza tarehe 7 Oktoba yaliongozwa na Marekani ikisaidiwa na Uingereza, si NATO. NATO ilichukua uongozi wa kikosi cha kimataifa kule Agosti 2003. Ibara ya 6 nayo inaweka mipaka ya kijiografia, ndiyo maana Argentina ilipovamia visiwa vya Falkland, vya Uingereza lakini vilivyoko Atlantiki ya Kusini, mwaka 1982, Uingereza haikuwa na Ibara ya 5 ya kuitumia.

Yaliyobaki nayamaliza haraka.

Katibu Mkuu si kamanda wala rais wa NATO. Anaongoza vikao, anapatanisha, anasema kwa niaba ya wote pale wote wanapokuwa wamekubaliana. Jens Stoltenberg alikuwa hivyo kwa miaka kumi, na Mark Rutte yuko hivyo tangu Oktoba 2024. Kamanda Mkuu wa majeshi ya NATO Ulaya ni mtu mwingine, na tangu Eisenhower, wa kwanza kushika cheo hicho, amekuwa Mmarekani siku zote. Naye hapeleki kikosi vitani bila Baraza kukubali.

NATO haina jeshi lake la kupeleka popote. Ina makao makuu, ina makamanda, ina vifaa vichache vya pamoja kama AWACS zilizoko Geilenkirchen, Ujerumani. Askari, meli na ndege ni za nchi, na nchi huzitoa au hukataa. Hata meli zilizowinda maharamia pwani ya Somalia kati ya 2009 na 2016 zilitolewa kwa zamu na wanachama.

Na kuhusu Sweden, wapo wanaoandika kwamba Baraza liliichelewesha kujiunga kwa karibu miaka miwili. Hapana. Iliomba uanachama pamoja na Finland Mei 2022, Uturuki ikaweka pingamizi, pingamizi likaondolewa mwezi uliofuata, na Baraza likaikaribisha. Kilichochelewa baada ya hapo ni kuridhia: kila mwanachama ilibidi aridhie kwa sheria zake mwenyewe. Bunge la Uturuki liliridhia Januari 2024, la Hungary Februari, na Sweden ikaingia tarehe 7 Machi. Anayetaka kujua nani alimkwamisha nani asome kumbukumbu za mabunge hayo mawili, si za Brussels.