Je, wajua kwa nini Kanada inamlipa mwajiri, sio mwanafunzi, kwenye fildi za IT?

Kuna mpango huko Kanada ambao watu wengi wakisikia maelezo yake haraka haraka wanauelewa kinyume. Serikali kuu inamrudishia mwajiri nusu ya mshahara wa mwanafunzi anayekuja kufanya kazi kwake kama sehemu ya masomo, mwisho dola 5,000 za Kanada kwa muhula mmoja, na kwa makundi fulani ya wanafunzi inarudisha asilimia 70, mwisho dola 7,000. Unaitwa Student Work Placement Program, ulitangazwa 2017, na hela haitoki wizarani kwenda moja kwa moja kwa kampuni, inapitia kwenye mashirika ya kila sekta, kwa upande wa dijitali mawili yanayojulikana sana ni ICTC na TECHNATION. Mtindo wenyewe wa kusoma huku unafanya kazi ni wa zamani kuliko ruzuku hii, Chuo Kikuu cha Waterloo pale Ontario kilianza nao 1957, muhula darasani muhula kazini, na kazini unalipwa mshahara kama mfanyakazi mwingine.

Sasa sisi tuliozoea fildi au atachimenti ambayo mwanafunzi anajitegemea nauli, chakula na chumba, swali linakuja lenyewe: kama nia ni kumsaidia mwanafunzi, si wampe yeye hiyo hela?

Hapa ndipo tafsiri mbaya zinapoanza, na ziko za aina mbili tatu. Wa kwanza wanadhani huu ni mkopo au msaada wa masomo uliopitia mlango wa nyuma. Wengine wanadhani serikali inamlipa mwanafunzi nusu na bosi anamlipa nusu, kwa hiyo mwanafunzi ni mfanyakazi wa nusu bei. Halafu kuna wanaodhani kampuni inapata faida ya bure, inachukua vijana, inakusanya hela, basi. Zote tatu haziko sawa na inafaa tuzipitie taratibu maana ukishaelewa hela inapitaje unaelewa pia inanunua nini.

Mwanafunzi analipwa mshahara wake wote na kampuni, kwenye akaunti yake, kama ilivyoandikwa kwenye mkataba. Hakuna sehemu ya mshahara wake ambayo serikali inamlipa yeye moja kwa moja. Kampuni ndiyo inayotanguliza hela, halafu inapeleka ushahidi kwamba imemlipa kweli, ndipo inarudishiwa. Kwa startapu yenye watu watano kusubiri hela irudi sio jambo dogo, lazima uwe nazo kwanza ndio urudishiwe.

Tuchukue hesabu. Mwanafunzi analipwa dola 20 kwa saa, saa 37 na nusu kwa wiki, wiki 16, jumla dola 12,000. Nusu yake ni 6,000 lakini kikomo ni 5,000, kwa hiyo kampuni inabaki na mzigo wa 7,000. Akiwa yuko kwenye kundi la asilimia 70, ingekuwa 8,400 lakini kikomo ni 7,000, kampuni inabaki na 5,000. Mlipe dola 30 kwa saa mshahara unafika 18,000 na ruzuku iko palepale 5,000, yaani chini ya theluthi. Kitu ninachokipenda sana kwenye hizi namba ni kwamba nusu inagonga kikomo mshahara ukifika dola 10,000, na asilimia 70 nayo inagonga kikomo palepale kwenye 10,000, na hata kiwango cha dharura cha 2020 wakati wa korona, asilimia 75 mwisho 7,500, ukikigawanya unarudi kwenye 10,000 ileile. Kwa hiyo ukitaka kuusoma mpango huu vizuri, usome hivi: serikali inachangia dola 10,000 za mwanzo za mshahara, zinazozidi hapo ni za kwako bosi. Hakuna kampuni inayotengeneza faida kwa kumweka mtu tu kwenye kiti, kila mwanafunzi anaigharimu maelfu ya dola, ila anaigharimu kidogo kuliko angeigharimu bila ruzuku.

Basi hizo 5,000 zinanunua nini, kama mshahara ungelipwa na kampuni hata hivyo?

Chukua gereji. Fundi mkuu anampokea kijana hajui hata spana namba 12 ni ipi. Miezi ya mwanzo kijana haongezi chochote, anapunguza, maana kila nati anayofunga fundi lazima aikague tena, kazi ya saa moja inakuwa saa mbili, na siku akikata bolti fundi ndiye anayeomba radhi kwa mwenye gari na kununua nyingine. Baada ya mwaka kijana ameiva, anasikiliza injini anajua tatizo liko wapi. Sasa ndio muda wa fundi kula matunda. Na ndio muda huohuo gereji ya ng'ambo ya barabara inamwita kijana, inamwongezea kidogo juu, anahama. Gereji ya ng'ambo haikuwa na roho mbaya na kijana hakukosea, anatafuta maisha, ila ukiangalia hesabu, aliyelipa gharama ya kufundisha ni mmoja na aliyevuna ni mwingine. Fundi akiumizwa hivi mara moja mbili anaacha kupokea vijana, anataka mtu aliyeiva tayari. Gereji ya ng'ambo nayo inataka aliyeiva. Mtaa mzima unataka walioiva na hakuna anayewaivisha. Sasa kama mtaa ungechanga kumfidia fundi zile saa za kukagua nati, angeendelea kuwapokea, na mtaa mzima ungepata mafundi.

Ruzuku ni huo mchango. Inalipia muda wa fundi, na ndiyo maana inaenda kwa fundi. Ukimpa mwanafunzi dola 5,000 mkononi atalipa ada na kodi ya chumba, jambo zuri kabisa, lakini mlango wa kampuni utakuwa umefungwa kama ulivyokuwa, kwa sababu sababu ya kuufunga haijaguswa.

Wachumi wamelibishania hili kwa miongo mingi. Gary Becker alitenganisha ujuzi unaofaa kampuni moja tu na ujuzi unaofaa popote, akasema ule wa popote mwajiri hana sababu ya kuugharamia, mwanafunzi ndiye ataugharamia kwa kukubali mshahara mdogo. Baadaye Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke wakaonyesha kwamba soko la kazi halijanyooka kiasi hicho, kuna hali ambazo kampuni zinagharamia hata ujuzi wa popote. Ila kwenye dijitali tatizo linaonekana wazi kuliko sehemu nyingi. Anayejua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akiwa Toronto, anaijua pia akiwa Vancouver au San Francisco, hakuna anachoacha nyuma akihama. Na gharama kubwa ya kumpokea sio kompyuta wala kiti, ni saa za developa mzoefu anayesoma kila mstari kijana alioandika kabla haujaingia kwenye mfumo wa wateja, na huyo developa ndiye mtu ghali na mwenye shughuli kuliko wote pale ofisini.

Ukielewa hivyo, sharti moja lililoonekana geni linaeleweka: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamewekwa kwenye asilimia 70, pamoja na wanawake wanaosoma sayansi na teknolojia, wazawa wa asili wa Kanada, wenye ulemavu na wahamiaji wapya. Mtu anauliza mwaka wa kwanza ana shida gani maalumu? Hana, ila ndiye anayekula muda mwingi zaidi wa fundi na kampuni ikiachwa yenyewe inachukua wa mwaka wa mwisho.

Sehemu ngumu kuliko zote ni hii inayofuata, na kwa maoni yangu ndiyo moyo wa mpango mzima ingawa inakaa kwenye sentensi moja ya masharti: nafasi lazima iwe mpya kweli. Yaani kampuni inaulizwa, mwaka kabla hujajiunga ulichukua wanafunzi wangapi? Ikisema 4, basi hiyo 4 ni mstari wake wa msingi. Ikichukua 6 inafidiwa kwa 2 tu, wale 4 ungewachukua hata hivyo.

Kwa nini ukali huo? Ilipotangazwa 2017 ahadi ilikuwa nafasi 10,000 ndani ya miaka 4 kwa dola milioni 73. Gawanya, ni wastani wa dola 7,300 kwa nafasi, pamoja na gharama za kuendesha. Sio mbaya. Lakini tuseme nusu ya hizo nafasi zingekuwepo hata bila serikali, kampuni zilishapanga kuchukua vijana zikaona hela zikaomba tu. Hapo nafasi zilizoongezeka kwa sababu ya mpango ni 5,000, na kila moja imegharimu 14,600. Rudi kwenye mwanafunzi wetu wa dola 12,000. Ina maana serikali ingeweza kumlipa mshahara wake wote kwa miezi minne na chenji ikabaki! Ile nusu ni mfano wangu wa kuonyesha hesabu inavyogeuka, ila inatosha kuona kwamba namba ya wanafunzi walioajiriwa, ambayo ndiyo wanasiasa hupenda kuitangaza, haitoshi kusema lolote. Unachotaka kujua ni wangapi wasingeajiriwa, na hao hawahesabiki kwa macho, ni watu wa dunia nyingine ambayo haikutokea.

Mstari wa msingi ni jaribio la kuikisia hiyo dunia nyingine kwa kutumia mwaka uliopita. Unafanya kazi, ila una mianya. Kampuni inayokua kwa kasi ingeongeza wanafunzi hata bila ruzuku na bado itahesabiwa imetengeneza nafasi mpya. Kampuni iliyoyumba, ikijitahidi kubakiza wanafunzi wake walewale, haipati kitu. Na kuna mwanya mwingine mkubwa zaidi, hesabu inafanywa kampuni kwa kampuni, kwa hiyo kijana akitoka kampuni ambayo ingemchukua akaenda yenye ruzuku, kwenye karatasi ni nafasi mpya, ukiangalia nchi nzima ni palepale. Mwaka 2020 sharti hili lililegezwa, na ilikuwa sahihi, maana ofisi zilikuwa zinafungwa na swali likawa ni nani atabakiza nafasi.

Je, ruzuku za mshahara zinafanya kazi kweli? Majibu yanashangaza na hayafuati mstari mmoja. Dayton, Ohio, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wasio na kazi wa kipato cha chini waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa vocha ya kumwonyesha mwajiri kwamba ukiniajiri serikali itakulipa sehemu ya mshahara. Wenye vocha wakapata kazi KIDOGO kuliko wasio nayo, takriban asilimia 13 dhidi ya karibu 21. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vocha iligeuka alama mbaya, mwajiri akiiona anajiuliza huyu ana kasoro gani mpaka serikali ilipie. Afrika Kusini walijaribu vocha kwa vijana ikawa kinyume, wenye vocha walikuwa na kazi zaidi hata baada ya mwaka na baada ya miaka miwili, tofauti ya karibu asilimia 7, na la ajabu ni kwamba waajiri wachache sana waliidai ile hela, inaonekana karatasi iliwapa vijana wenyewe moyo wa kutafuta kwa bidii. Jordan nayo ilijaribu kwa wasichana waliomaliza vyuo, ajira ikaruka juu sana wakati vocha inalipa, ilipokwisha karibu faida yote ikayeyuka.

Hao wote walikuwa watu wanaotafuta kazi, sio wanafunzi walioko masomoni, kwa hiyo sio sawa kuhamisha majibu yao moja kwa moja kwenda kwa developa wa mwaka wa pili. Lakini nadhani Dayton inasaidia kueleza kwa nini mtindo wa Kanada, ambapo kampuni ndiyo inaomba na kijana habebi karatasi yoyote kwenye intavyuu, una akili ndani yake. Na kwa mwanafunzi hata kama bosi hatambakiza, ule muhula kazini umeshaingia kwenye sivii.

Kwetu njia iliyozoeleka ni ya kukusanya badala ya kugawa. Kenya mwajiri anatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi kwa ajili ya mafunzo ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na Tanzania kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, iliyoshushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5 mwaka 2023. Tatizo ni lilelile la gereji ya ng'ambo, ila hapa wanaovuna ndio wanaochangishwa.

Kwa ndugu zetu walioko Kanada kuna jambo la kuangalia. Mwanafunzi lazima awe raia, mkazi wa kudumu, au mtu aliyepewa hadhi ya ukimbizi. Kijana wa Goma aliyepokelewa kama mkimbizi akasoma programu Ottawa anahesabika, na akiwa hajakaa miaka mingi tangu afike anaweza kuangukia kwenye asilimia 70. Kijana wa Nairobi au Mwanza aliyeko darasa hilohilo kwa viza ya mwanafunzi hahesabiki kabisa, hata akiwa anaongoza darasa. Haimaanishi kampuni imezuiwa kumwajiri, akiwa anaruhusiwa kisheria kufanya kazi ya fildi inamwajiri na inamlipa kama kawaida, ila hakuna kinachorudi. Kwa hiyo ukikuta swali la uraia kwenye fomu ya maombi ya fildi, mara nyingi ndiyo hii ruzuku inayoulizwa, jibu ukweli, na nguvu zako zipeleke zaidi kwenye kampuni zinazolipa vizuri, ambazo kwa ile hesabu ya kikomo cha 10,000 ruzuku ni sehemu ndogo ya gharama yao na haiwezi kuwa ndiyo inayoamua nani aitwe.